Umeme wa Trekta: Kuitambua Hitilafu Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Yapo maneno ambayo huandikwa mara nyingi katika hati za malipo za vyama vya msingi na kwa maelezo haba, na mojawapo ni neno "betri". Trekta limekataa kuwaka asubuhi. Dereva amemwita fundi. Fundi amezungusha ufunguo mara mbili na kutamka kwamba betri imekufa. Katibu amemtuma mtu mjini na fedha mkononi. Betri mpya imefungwa, trekta limewaka, na wote wamerudi makwao wameridhika. Baada ya miezi mitatu hadithi ni ile ile. Ikiwa betri ya kwanza haikuwa na kosa, basi chama kimenunua kitu ambacho hakikukihitaji, na ugonjwa wenyewe umebaki ndani ya trekta ukiingoja betri ya tatu.

Gharama hiyo hulipwa na mwanachama kwa njia ya makato ya kila kilo ya korosho, wala yeye haioni. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni ya siku. Wilaya za Masasi na Newala zina msimu mmoja tu wa mvua, ambao huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Shamba lisilolimwa mvua za kwanza zikiwapo halipati nafasi ya pili. Kabla ya hapo, kuanzia Oktoba, korosho huletwa chamani na kusombwa hadi ghala kuu. Na tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa zao hili mwaka 2007, mzigo usiofika ghalani hauingii mnadani, na usioingia mnadani haumlipi mtu. Trekta lenye trela lililolala kwa sababu ya waya uliooza linaweza kuchelewesha malipo ya kijiji kizima. Ni dhahiri basi kwamba katibu wa chama, hata kama si fundi, hana budi kujua umeme wa trekta unavyofanya kazi, ili aweze kumwuliza fundi maswali yanayostahili.

Eneo hili si geni kwa mitambo iliyokwama. Nachingwea, jirani ya Masasi, ni mojawapo ya sehemu ulikopelekwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa wingi kutoka ng'ambo, reli ikajengwa, na mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikauacha mpango wenyewe. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa mitambo mingi kuliko mafundi na vipuri vya kuitunza. Baadaye vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika muongo huo huo trekta aina ya Valmet liliunganishwa nchini, pale Kibaha. Leo mtu anaweza kukuta Massey Ferguson la zamani, Valmet la enzi hizo na trekta jipya la India yakifanya kazi katika kata moja. Umeme wao haufanani kwa kila kitu. Tahadhari hii ni muhimu: matrekta kadhaa yaliyotengenezwa Uingereza kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye mwili wa chombo, ilhali yaliyofuata hufungwa upande wa hasi. Fundi anayefunga betri kwa mazoea bila kutazama anaweza kuunguza altaneta kwa dakika moja.

TANGI, PAMPU NA BOMBA

Mkazi wa Newala ana njia nyepesi ya kuuelewa umeme wa trekta kuliko watu wengi, kwa maana maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda. Betri ni tangi. Altaneta, au dainamo katika matrekta ya zamani, ni pampu inayolijaza tangi. Nyaya ni bomba. Stata ni bomba kuu lililofunguliwa wazi: huchota kwa sekunde chache mamia ya ampea, kiasi ambacho taa zote za trekta zikiwashwa pamoja hazikifikii. Kutu kwenye maungio ni uchafu unaoziba bomba. Mwenye bomba lililoziba hasaidiwi na tangi jipya, na mwenye pampu mbovu atalimaliza tangi jipya kama alivyolimaliza la kwanza.

Tofauti kubwa kati ya trekta la dizeli na gari la petroli yafaa ifahamike hapa. Injini ya petroli huhitaji umeme muda wote. Injini ya dizeli ya kawaida, hasa ya matrekta ya zamani, ikishawaka huendelea kuzunguka bila umeme. Kwa hiyo altaneta inaweza kuwa imekufa tangu Jumatatu, dereva akalima hadi jioni bila kuhisi lolote, na akalima Jumanne vilevile. Jumatano asubuhi ndipo trekta linapokataa. Lawama yote huangukia betri, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoonekana ikishindwa.

Tena wako madereva wanaolaza trekta mteremkoni ili asubuhi liwashwe kwa kuserereka. Katika nchi yenye makorongo kama ukingo wa uwanda wa Makonde, desturi hii ni ya hatari, maana breki za trekta la zamani si za kutegemewa. Zaidi ya hayo huficha ugonjwa. Katibu akiona trekta la chama linalala mteremkoni kila siku, hana haja ya kusubiri taarifa ya fundi: umeme wa trekta hilo una hitilafu.

KIPIMO CHA TAA

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Gia iwekwe huru, breki ya mkono ivutwe, na kidhibiti cha kuzimia injini kivutwe ili injini isiwake. Taa kubwa ziwashwe. Mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine asimame mbele, pembeni mwa njia ya trekta, aziangalie taa.

Ikiwa taa zilikuwa hafifu hata kabla ya ufunguo kuzungushwa, betri haina moto wa kutosha au maungio yake yamelegea. Ikiwa zilikuwa kali, kisha zikafifia sana au kuzimika stata ilipoitwa, umeme upo lakini haupiti vizuri: ama betri ni dhaifu, ama vichwa vyake vimeota kutu, ama, kwa nadra, stata yenyewe imekwama na inavuta kupita kiasi. Lakini ikiwa taa zimebaki kali vile vile na stata imekaa kimya, basi betri haina kosa kabisa. Umeme haufiki kwenye stata. Hapo itazamwe swichi ya ufunguo, waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, brashi za stata, na ile swichi ndogo ya usalama iliyo kwenye klachi au gia, ambayo huzuia trekta kuwashwa likiwa ndani ya gia. Kiswichi hiki hujaa udongo na kukatika waya, na kimesababisha betri njema zihukumiwe bure.

Sauti nayo hushuhudia. Mlio wa haraka mfululizo, ta-ta-ta-ta, ni wa solenoidi inayovutwa na kuachiwa kwa sababu moto ni mdogo. Mlio mmoja mzito usiofuatwa na kitu huelekeza kwenye stata au waya wake mnene.

MITA YA UMEME

Kila chama chenye trekta chafaa kuwa na mita ya umeme ya namba. Siku hizi bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri moja. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na ushei. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikionyesha 12.0 imekaribia kuisha. Ikionyesha 10.5 au karibu na hapo hata baada ya kuchajiwa, yaelekea chumba kimoja kimekufa, na hapo ndipo neno "betri" katika hati ya malipo linapokuwa na haki yake.

Kisha betri ipimwe stata ikizunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6 hali ilikuwa imejaa, nguvu yake imekwisha. Isiposhuka hivyo na stata bado inazunguka kwa uvivu, kosa limo njiani, na njia nayo hupimika. Ncha moja ya mita iwekwe juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha upande wa chanya, wala si juu ya kibano chake. Ncha ya pili iwekwe kwenye skrubu ya stata ambapo waya mnene unaingia. Stata ikizunguka, mita isizidi nusu ya volti. Upande wa mwili wa trekta, kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma cha stata, isizidi volti 0.2 au 0.3. Kinachozidi hapo ni moto unaoliwa na kutu.

Mtu anaweza kudhani kutu kidogo haidhuru. Na ifikiriwe hesabu hii. Ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ambao macho hayauoni, stata ikivuta ampea 300 hula volti 3. Katika volti 12 zinabaki 9 kabla hata udhaifu wa betri haujahesabiwa. Kwa taa ndogo inayotumia ampea moja, ukinzani ule ule hula sehemu moja ya mia ya volti, yaani si kitu. Ndiyo maana taa zinang'aa na honi inalia huku stata ikishindwa, na ndiyo maana dereva huapa kwamba umeme upo.

SALFA

Sababu moja ya kutu hiyo ni ya kwetu hasa, na vitabu vya matrekta vilivyoandikwa Ulaya havina neno juu yake. Tangu ubwiriunga ulipotambuliwa katika mikorosho ya Tanzania mwaka 1979, salfa ya unga imekuwa rafiki mkuu wa mkulima wa kusini. Lakini salfa na shaba hazipatani. Vumbi la salfa likitua juu ya shaba hulifanya tabaka jeusi, ambalo ni mchanganyiko wa salfa na shaba yenyewe. Na palipo na unyevu, salfa inayokaa muda mrefu huleta uchungu unaokula chuma na kuozesha maungio. Chama kinachosomba mifuko ya salfa kwa trela, kisha kikaweka trekta na mifuko iliyobaki katika banda moja kuanzia Mei hadi Agosti, kinaupaka umeme wa trekta lake sumu yake kila siku. Dalili ni nyuzi za waya zilizo nyeusi badala ya rangi ya shaba pale zinapoingia kwenye kibano. Waya wa namna hiyo haufai kusafishwa juu juu. Ukatwe hadi ionekane shaba safi, na kibano kifungwe upya. Ikiwa weusi umepanda mbali ndani ya ganda, waya wote ubadilishwe.

Salfa ihifadhiwe mbali na trekta, basi. Ikilazimu kukaa pamoja, trekta lipulizwe vumbi baada ya kila safari, na vichwa vya betri, solenoidi na skrubu za stata vipakwe grisi au vaselini. Grisi ipakwe baada ya kufunga, si kabla. Ikitangulia ndani ya kibano nayo huweza kuwa kizuizi. Wala vumbi la salfa lisipulizwe karibu na moto au cheche, kwa kuwa wingu lake hulipuka.

Kwa kusafisha vichwa vilivyoota unga mweupe au wa kijani, magadi yaliyoyeyushwa katika maji hutosha, mradi vifuniko vya vyumba vifungwe barabara yasiingie tone ndani. Baadaye msasa, kisha maji safi. Waya wa mwili ndio hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa chuma isilete shoti.

Waya huo wa mwili ndio husahauliwa zaidi. Watu husafisha upande wa chanya ukang'aa, na upande wa pili wakauacha umefungwa juu ya rangi na udongo mwekundu. Umeme wote unaotoka hauna budi kurudi, na hurudi kwa njia hiyo. Kadhalika trela: taa zake nyuma mara nyingi hutegemea pini ya kuvutia kuwa njia ya kurudi, nayo pini imejaa grisi. Taa hufifia kila trela linapotikisika. Dawa ni waya wa pekee wa kurudisha umeme, kutoka trela hadi kwenye soketi ya trekta. Trela la korosho linaloingia barabara kuu usiku bila taa ya nyuma limekwisha kuua watu katika nchi hii, na hapo katibu hataulizwa habari za pini.

PAMPU ISIYOJAZA

Injini ikiwa katika mwendo wa kati, mita ikiwekwa juu ya betri ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na ushei, altaneta haichaji. Kabla haijafunguliwa, mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya safari yake. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja na nusu umelegea, na ukiwa unang'aa kama kioo pembeni umekwisha. Kisha itazamwe ile taa ndogo nyekundu ya chaji. Ufunguo ukifunguliwa bila injini kuwaka, taa hiyo lazima iwake. Katika altaneta nyingi, umeme mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Taa ikiungua, altaneta nzima huweza kulala, na balbu ndogo imewahi kuwa sababu ya altaneta kubadilishwa.

Volti zikipita 15, kosa ni la upande wa pili: kidhibiti kimeharibika na betri inachemshwa. Maji ya betri yanayopungua kila wiki katika vyumba vyote sita ni ishara ya hali hiyo. Yakipungua katika chumba kimoja tu, kosa ni la chumba hicho. Tofauti hii ndogo humwokolea mtu fedha nyingi, na haihitaji mita, ila macho na daftari.

Altaneta huuawa na vitu viwili kuliko uchakavu: kufungua betri huku injini ikiunguruma, ati kuijaribu kama inachaji, na kuchomelea vyuma juu ya trekta bila kufungua nyaya. Jaribio la kwanza lilikuwa na maana zamani za dainamo. Kwa altaneta ni kuiangamiza.

Ikiwa chaji ni nzuri na bado betri huamka tupu, kuna mahali panapovuja. Kila kitu kizimwe, waya wa mwili ufunguliwe, na taa ya kupimia iunganishwe kati ya kichwa cha hasi na waya huo. Ikiwaka, umeme unatoka. Fyuzi zitolewe moja moja hadi taa izimike; fyuzi iliyoizima ndiyo ya njia yenye kosa. Kuvuja kwa nusu ampea tu humaliza ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 100 huwa tupu katika muda wa siku nane hivi. Ni muda huo huo ambao trekta hulala ikitokea msiba au mkutano mkuu wa chama. Panya nao watajwe: wakati wa kiangazi hupenda joto na ganda laini la nyaya, na wengi hujenga karibu na betri.

MAJI NA USINGIZI WA MIEZI

Maji ni bidhaa ya thamani juu ya uwanda, na kishawishi cha kutumia ya ndoo ni kikubwa. Maji ya kisima au ya bomba yana chumvi na madini ambayo hubaki ndani ya betri wakati maji yenyewe yakipaa. Yatumike maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, yafunike sahani za ndani kiasi cha sentimita moja. Katika dharura, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja angani kwa chombo safi cha plastiki ni afadhali kuliko ya bomba. Ya bati la nyumba hayafai. Asidi haiongezwi kamwe katika betri inayotumika, kwa kuwa kinachopaa ni maji, si asidi. Wauzaji wengine huita vyote viwili "maji ya betri", basi mnunuzi asome kibandiko.

Betri nyingi za vyama hufa zikiwa hazifanyi kazi. Trekta likimaliza kulima huegeshwa miezi mitatu au minne. Betri hupoteza moto yenyewe, na joto huharakisha hasara hiyo; ikikaa tupu, fuwele za salfa ya risasi hugeuka ngumu juu ya sahani, wala chaji haiziyeyushi tena. Kuwasha injini dakika tano kila wiki ni kujidanganya, kwa kuwa dakika tano hazirudishi kilichotumika kuiwasha. Afadhali waya wa mwili ufunguliwe na betri ichajiwe kikamilifu mara moja kila mwezi. Iliyo nafuu zaidi siku hizi ni sahani ndogo ya umeme wa jua ya wati 10 au 20 yenye kidhibiti chake, juu ya paa la banda. Jua la Masasi linatosha na kuzidi.

MAMBO YANAYOUA

Pana desturi moja ambayo kila fundi wa kijijini anaijua. Ufunguo ukishindwa, mtu hushuka, husimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na kugusanisha skrubu mbili za stata kwa bisibisi. Cheche hutoka, injini huwaka. Njia hii huruka swichi ya ufunguo na swichi ya usalama vyote pamoja. Trekta likiwa limesahauliwa ndani ya gia, huondoka papo hapo, na aliyesimama mbele ya gurudumu la nyuma hana nafasi ya kuruka. Watu wamekufa hivyo duniani kote, wengi wao wazoefu. Halmashauri ya chama iandike katika sheria za trekta kwamba jambo hilo ni marufuku, na atakayelifanya aondolewe kazini, hata kama korosho zinangoja. Solenoidi mbovu ni ya bei ndogo.

La pili huja na malori ya msimu. Betri ya trekta ikilala, dereva wa lori huombwa aazime moto. Malori mengi makubwa yana volti 24, na trekta lina 12. Kuunganisha moja kwa moja huweza kupasua betri na kuunguza altaneta na vifaa vya elektroniki. Kama hapana budi, moto uazimwe kutoka chombo cha volti 12. Nyaya za chanya ziunganishwe kwanza. Kibano cha mwisho cha hasi kifungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa maana betri inayochaji hutoa haidrojeni, ambayo huripuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo hiyo sigara isikaribie. Asidi ikimwingia mtu jichoni, lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Mtungi wa maji uwepo tayari kabla kazi haijaanza. Juu ya uwanda si neno la kudharauliwa.

La tatu ni fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ikizuiwa, waya hugeuka kuwa fyuzi, na huwaka moto penye mafuta na majani makavu, mwezi wa Septemba, chini ya mikorosho. Mkorosho huchukua miaka kuanza kuzaa vema.

DAFTARI

Trekta liwe na daftari lake, na humo ukurasa wa umeme: tarehe betri iliponunuliwa, namba iliyo juu yake, volti zilizoonekana kila mwisho wa mwezi ikiwa imepumzika na ikiwa inachajiwa, na kila chumba kilichoongezwa maji. Dereva aandike, katibu aweke saini. Fundi akidai betri nyingine, aombwe kwanza aonyeshe mita mbele ya mjumbe mmoja wa halmashauri, na vipimo vyake viambatanishwe na hati ya malipo. Fundi mwaminifu hatachukizwa.

Betri ya zamani ni mali ya chama. Risasi iliyomo ndani yake hununuliwa, na mara nyingi muuzaji hupunguza bei ya mpya akipewa kuukuu. Hata hivyo katika hesabu za vyama vingi betri mpya huonekana ikiingia, na ya zamani haionekani ikitoka. Iandikwe ilikokwenda na kwa kiasi gani, na isipasuliwe nyuma ya ofisi na vijana watafutao risasi ya kuyeyusha, kwa sababu moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, na asidi iliyomwagwa huharibu udongo. Mpaka ipatikane gari ya kuipeleka kwa mnunuzi, ikae imesimama wima juu ya ubao, chini ya paa, na chumba chake kifungwe kwa ufunguo.